Mnyoo ni mkubwa kuliko seli nyeupe, mwili unamshindaje?

Mdadisi: Wakuu naomba kueleweshwa, bakteria najua anamezwa na seli nyeupe, sasa mnyoo unaemuona hata kwa macho nani atammeza?

Kinga_Imara: Hamezwi mkuu. Mwili unatengeneza kingamwili (protini za ulinzi) za aina ya IgE, zinakaa kwenye vipokezi (sehemu za kupokea ishara) vya seli za masti, yaani seli za kinga zinazobeba kemikali ya histamini, protini za mnyoo zikizinasa vile vipokezi vinavutana pamoja na seli inamwaga histamini hapohapo, utumbo unajibana, ute unaongezeka, mnyoo anasukumwa nje.

Nuru: Na vipokezi vya IL-4 na IL-13 (protini ambazo seli za kinga zinatumia kupeana ishara) msivisahau, vipo kwenye utumbo wenyewe na ndo vinaamsha seli za ute. Hapo ndo napapenda sana

Mdadisi: Histamini si ndo ya aleji?

Kinga_Imara: Ndo hiyohiyo, njia ya aleji na ya kumtoa mnyoo ni moja.