Mjadala: H. Moser & Cie. walikuwa sahihi kufuta "Swiss Made" kwenye saa zao?

Mwanzisha mada

Wakuu, heshima mbele.

Mwaka 2017 kampuni ya saa ya H. Moser & Cie., yenye makao yake Neuhausen am Rheinfall kaskazini mwa Uswisi, ilitangaza kwamba saa zake hazitaandikwa tena "Swiss Made". Hakuna aliyewanyang'anya haki hiyo. Kwa maelezo yao, zaidi ya asilimia 95 ya saa zao ni kazi ya Uswisi, na sheria inadai 60 tu. Waliacha kwa hiari yao, wakisema maneno hayo yamekosa maana. Wapo waliowasifu, wapo waliowaona wasaliti wa sekta nzima, na wapo waliosema ni mbinu ya matangazo tu. Mimi nasema walikuwa sahihi.

Tuanze na sheria yenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 2017, ili saa iandikwe "Swiss Made", angalau asilimia 60 ya gharama ya kuitengeneza iwe imetumika Uswisi, mashine yake ya ndani inayoiendesha iwe ya Uswisi, na kuingizwa kwenye kasha pamoja na ukaguzi wa mwisho vifanyike hukohuko. Zamani thamani ilipimwa kwenye mashine peke yake. Kasha, uso na mishale vilikuwa huru kutoka popote. Kwa hiyo sheria mpya ilikaza kuliko ya zamani, hilo silipingi.

Shida iko kwenye kupima kwa gharama. Mshahara wa fundi wa Uswisi ni mara kadhaa ya ule wa mwenzake wa kiwandani China. Nitoe mfano wa kubuni: saa imegharimu faranga 100 kuitengeneza. Faranga 40 zinatosha kuagiza kutoka Asia kasha, kioo, uso, mishale na mkanda, yaani karibu kila kitu ambacho mnunuzi anakiona na kukigusa. Faranga 60 zinamalizikia kwenye mashine, kuunganisha na kukagua. Sheria imefuatwa neno kwa neno. Lakini mnunuzi aliyejibana miaka kadhaa ili apate saa ya Uswisi anaondoka dukani akiamini jambo ambalo si kweli, na hakuna aliyemdanganya kwa mdomo. Hapo ndipo ninapokasirika.

Edouard Meylan, anayeiongoza Moser tangu 2013, alilipinga hilo kwa namna ambayo kampuni kubwa isingethubutu. Walitengeneza saa moja tu wakaiita Swiss Mad Watch. Kasha lake lilitokana na jibini halisi ya Vacherin Mont d'Or iliyochanganywa na utomvu mgumu wa kiwandani. Uso ni mwekundu wenye alama nyeupe, rangi za bendera ya taifa. Mkanda ni ngozi ya ng'ombe wa Uswisi ikiwa na manyoya yake. Bei ilikuwa faranga 1,081,291. Isome tarakimu kwa tarakimu: 1/08/1291, tarehe ambayo Waswisi huihesabu kuwa kuzaliwa kwa nchi yao. Fedha za mauzo waliahidi zisaidie mafundi na viwanda vidogo vya Uswisi vinavyotengeneza vipuri, ambavyo ushindani wa Asia unavimaliza.

Naomba kuwasilisha. Karibuni kwa hoja.

Mchumi

Mkuu, umejenga hoja vizuri, ila umeiangalia kutoka dirisha la tajiri. Saa za Moser zinaanzia zaidi ya dola elfu kumi. Mteja wao anajua anachonunua, hahitaji kusoma maandishi madogo chini ya namba sita. Kufuta "Swiss Made" hakukuwagharimu kitu.

Sasa mfikirie mwenye kiwanda kidogo pale Jura, eneo la watengeneza saa Uswisi, anayeuza saa ya faranga 300. Yeye hana jina. Maneno hayo mawili ndiyo jina lake. Ukiyavunjia heshima hadharani, umemvunjia yeye riziki.

Tusisahau walikotoka. Mwaka 1970 sekta ya saa Uswisi iliajiri watu wapatao 90,000. Zikaja saa za betri kutoka Japani, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama 30,000. Miji mizima ililala. Alama ya taifa ni sehemu ya kilichowainua tena. Mwaka 2007 shirikisho la watengenezaji saa lilitaka kiwango kiwe asilimia 80 kwa saa za kimakanika na 60 kwa za betri. Wauzaji wa saa za bei ya chini waliona 80 itawafungia milango. Asilimia 60 ni mwafaka wa watu waliokaa mezani, na mwafaka haumfurahishi mtu kikamilifu. Moser walipaswa kupigania 80 wakiwa ndani badala ya kutoka nje na kurusha mawe.

Halafu hiyo 95 nani kaihakiki? "Swiss Made" ina sheria nyuma yake, na mtu anaweza kushtakiwa. Hiyo ya Moser ni kauli ya muuzaji.

Fundi saa

Nachangia upande wa kazi, maana ndiko nilikozoea.

Ukifungua saa ya kimakanika, kitu kinachoamua kama itashika majira ni springi ya balansi, lile gurudumu dogo linaloyumba huku na huku. Ni utepe wa chuma mwembamba kuliko unywele, umejizungusha kwa duara nyingi zisizogusana. Kila balansi inapoyumba, springi inajikunja na kujikunjua. Kuitengeneza, waya huvutwa kwenye matundu yanayozidi kuwa madogo, husagwa kuwa bapa, huzungushwa, kisha hupikwa kwenye joto ili ishike umbo. Aina nyingine mzunguko wa mwisho huinuliwa kwa kibano cha mkono na kurudishwa juu ya mingine, ili springi ipumue sawasawa pande zote. Ukikosea kidogo sana, saa inaharakisha au inachelewa na hutaona kwa macho sababu ni nini.

Watu wanaoweza kazi hii duniani ni wachache. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya springi za saa za Uswisi imetoka kwa kampuni moja, Nivarox, iliyo chini ya Swatch Group. Moser wana kampuni dada, Precision Engineering, inayotengeneza springi zao na kuwauzia wengine pia. Nyumba ndogo kiasi hicho kujitengenezea springi ni jambo zito. Mchumi anauliza uhakiki. Kwa fundi, huu nao ni uhakiki. Huwezi kuigiza springi.

Tazameni pia saa yao ya kalenda ya kudumu, yaani inayojua yenyewe miezi mifupi na mwaka mrefu, iliyopata tuzo ya saa changamani kwenye shindano kuu la Geneva mwaka 2006. Saa nyingi za kalenda hujaza uso vijidirisha na vimishale. Yao ina tarehe kubwa, na mshale mmoja mfupi katikati unaoonyesha mwezi kwa kutumia alama zilezile za saa: ukielekea alama ya tatu ni Machi, ya kumi na mbili ni Desemba. Mwaka mrefu umefichwa nyuma. Unaweza kurudisha tarehe nyuma au kuipeleka mbele bila kuiumiza mashine, na fundi yeyote aliyewahi kuletewa kalenda iliyovunjwa na mwenyewe anajua thamani ya hilo.

Msomaji wa historia

Mimi niko na Mchumi kwa sababu nyingine. Mnaitaja Moser kama urithi usiokatika. Heinrich Moser alizaliwa Schaffhausen mwaka 1805, baba na babu yake wakiwa mafundi saa. Kampuni aliianzisha St. Petersburg mwaka 1828, akatajirika kwa kuuza saa Urusi, huku karakana yake ikiwa Le Locle, Uswisi. Mapinduzi ya 1917 yakaondoa biashara ya Urusi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 jina lilimezwa na kampuni nyingine. Lilifufuliwa mwaka 2002, kitukuu wa Heinrich akiwemo, saa za kwanza zikatoka 2005, na mwaka 2012 familia ya Meylan ikanunua. Nyumba iliyolala kiasi hicho haina mamlaka ya kuwafundisha wengine ukweli wa asili.

Mwanzisha mada

Nawashukuru wote. Nijibu moja moja.

Msomaji wa historia, tarehe zako ni sahihi, lakini umeruka sehemu inayonigusa zaidi. Heinrich aliporudi kwao mwaka 1848 na utajiri wake angeweza kukaa akala. Alijenga bwawa kwenye mto Rhine lililokamilika 1866, na nguvu ya maji ikapelekwa kwa kamba za chuma hadi kwenye karakana za mji. Nguvu hiyo ndiyo iliyomvuta Mmarekani Florentine Ariosto Jones kuanzisha IWC palepale mwaka 1868, kampuni ambayo leo ni kubwa kuliko Moser. Aliweka fedha yake kwenye kitu ambacho hata washindani walikitumia. Springi wanazowauzia wengine leo ziko kwenye mkondo huohuo. Urithi kwangu ni huo, na hauhitaji damu wala miaka isiyokatika.

Fundi, umesema vizuri kuliko nilivyoweza.

Nakubali kwamba roho hii ya kuchokoza huvuka mpaka. Januari 2018 Moser walitangaza saa iliyounganisha alama za kampuni kadhaa maarufu kwenye saa moja ili kuikosoa sekta. Hasira zikazuka kwenye sekta, na Moser wakaiondoa kabla ya maonyesho ya Geneva kuanza. Ile naiona kosa. Kwenye jibini waliikosoa sheria kwa kuonyesha kazi yao. Kwenye hii walichezea kazi za watu. Waliomba radhi kwa vitendo, na nawapa heshima kwa hilo.

Mchumi, wewe ndiye umenibana. Ni kweli Moser hawakuwa na cha kupoteza kama mwenye kiwanda wa Jura. Lakini nani anamuumiza yule mzee? Mzee anayechonga kasha Uswisi kwa gharama kubwa anauza chini ya maneno yaleyale na jirani anayeleta kasha kutoka ng'ambo. Dukani zinalingana, isipokuwa ya jirani ni rahisi. Kiwango cha chini kinamlinda jirani, na mzee anabaki anashindana na alama aliyoijenga mwenyewe.

Kuhusu uhakiki uko sahihi, na hapo nawadai Moser pia. Kauli ya asilimia 95 haitoshi. Wachapishe orodha: kasha limechongwa mji gani, uso umepakwa rangi wapi, mkanda umeshonwa wapi. Na sheria iwalazimishe wote kufanya hivyo, asilimia yoyote ile iwe.

Basi nikuulize, Mchumi: kama muuzaji wa saa ya faranga 300 angetakiwa kuandika kwenye karatasi ya dhamana nchi lilikotoka kasha na uso, huku akibaki na "Swiss Made" yake, ungepinga?