Miaka 50 bungeni Illinois, na bado tunaambiwa tumshukuru Michael Madigan?

Wakuu, heshima kwenu. Kila jina la Michael Madigan linapotajwa, hakosekani mtu wa kutukumbusha kwamba ni mzee wa zaidi ya miaka 80, kwamba alikuwa mbunge katika bunge la jimbo la Illinois, Marekani, tangu 1971, na kwamba yaliyompata, hadi kufungwa kwa rushwa, yanatosha, aachwe apumzike. Mimi ninayelipa bili ya umeme Chicago nasema hayajatosha.

Mtu huyu alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Illinois tangu 1983 hadi Januari 2021, akikosa kiti miaka miwili tu, pale Republican walipopata wingi wa wabunge, na hakuna spika wa bunge la jimbo lolote la Marekani aliyedumu kuliko yeye. Tangu 1998 alikuwa pia mwenyekiti wa chama chake cha Democratic jimboni, kwa hiyo fedha za kampeni zilipitia mikononi mwake, na muswada asioutaka ulipelekwa Kamati ya Kanuni ukafia humo bila kujadiliwa. Wakati huohuo ofisi yake ya uwakili ilikuwa ikiwapigania wenye majengo makubwa wapunguziwe kodi ya majengo. Ndiyo, mtunga sheria huyohuyo.

Mwaka 2020 kampuni ya umeme ya ComEd ilikubali kulipa faini ya dola milioni 200, ikikiri kwamba kati ya 2011 na 2019 iliwapa watu wa Madigan ajira na mikataba ili kumlainisha wakati sheria zenye faida kwa kampuni hiyo zikipita bungeni. Zaidi ya dola milioni 1.3 zililipwa kwa watu waliofanya kazi kidogo sana au wasiofanya kabisa, tena kwa kupitishwa kwa makandarasi wa kati ili majina yao yasionekane. Kwetu nyumbani hao tunawaita wafanyakazi hewa.

Madigan hakuwa na barua pepe wala simu ya mkononi, hivyo wapelelezi wa FBI walinasa simu ya swahiba wake, Michael McClain, aliyekuwa mshawishi wa ComEd kwa wabunge. Katika mazungumzo ya 2018 yaliyosikilizwa mahakamani, Spika anasema kwamba baadhi ya jamaa hao waliolipwa wamevuna kama majambazi, naye McClain anamjibu kwamba ni kwa kazi ndogo mno. Hayo ni maneno ya mtu anayejua kila kitu, si ya mzee aliyepotoshwa na wasaidizi. Februari 2025 alitiwa hatiani kwa makosa 10 kati ya 23, mengine akiachiwa au jopo la raia waamuzi likishindwa kukubaliana. Juni akahukumiwa kifungo cha miaka saba na nusu na faini ya dola milioni 2.5, na Oktoba akaingia gerezani. (Baraza hilohilo la Wawakilishi, yeye akiwa Spika, ndilo lililopiga kura 2009 kumshtaki Gavana wa Illinois, Blagojevich, kwa ufisadi.)

Hata hivyo, hasira yangu kubwa ni kwa wabunge waliompigia kura ya uspika kila baada ya miaka miwili. Walingoja hadi kampuni ilipokiri hadharani, ndipo wabunge 19 wa chama chake wakatangaza kumkataa, na Januari 2021 akapata kura 51 wakati alihitaji 60. Wengine walimng'ang'ania hata siku hiyo!

Alipojiuzulu ubunge mwezi uliofuata, mrithi wake hakutafutwa kwa uchaguzi. Sheria iliwapa viongozi wa chama wa kata zinazounda jimbo hilo la uchaguzi kumteua, na Madigan, kiongozi wa Kata ya 13, ndiye aliyekuwa na zaidi ya nusu ya uzito wa kura. Akamchagua kijana aliyemtaka yeye, ambaye siku tatu baadaye ilibidi ajiuzulu, kisha wakateua mwingine. Anayetaka tumshukuru anieleze kwanza wananchi wa kusini-magharibi mwa Chicago waliulizwa lini.