Naomba ushauri: mplamu wangu wa majani ya zambarau unatoa machipukizi ya kijani

Habarini wana bustani. Niko Columbus, Ohio. Mwaka 2022 nilipanda mplamu wa mapambo, ule wa majani ya rangi ya zambarau na maua ya rangi ya waridi yanayotoka mwezi wa nne. (Si mzambarau wetu, mama alipouona pichani aliuliza zinaiva lini!) Sasa yametoka machipukizi matatu chini ya pale ulipobebeshwa (ulipounganishwa na shina la mti mwingine), majani kijani kibichi, na yanakua kwa kasi kuliko mti wenyewe. Nimeyakata kwa mkasi mara mbili, yakarudi mengi zaidi. Shinani pia kuna utomvu wa kahawia kama gundi, ukiubonyeza ni laini. Je, niyang'oe sasa hivi kuanzia mzizini au nisubiri baridi? Na huo utomvu ni funza, au nazidisha maji?