Naomba ushauri: ukoko wa chokaa kwenye sakafu ya terazo

Wakuu, habari zenu. Maji magumu yameacha ukoko mweupe kwenye bomba na sakafu ya bafu. Bomba si shida: unalizungushia kitambaa kilicholowa siki nyeupe ya asilimia 5 kwa dakika 30, kisha mswaki wa zamani na maji safi. Ukoko unatoa vipovu vidogo, unalainika, unatoka.

Kazi ipo sakafuni. Terazo ni saruji yenye vipande vya mawe, iliyosuguliwa ikang'aa; vipande hivyo kwa kawaida vina chokaa ileile ya ukoko, hivyo siki au ndimu haichagui. Inakula vyote na mng'ao unapotea. Kuichanganya siki na soda ya kuokea hakusaidii, vinauana nguvu. Soda peke yake, vijiko 3 kwa kijiko 1 cha maji, inaondoa utando wa sabuni tu, ukoko unabaki palepale.

Je, kuna njia ya asili isiyo na tindikali? Aliyefanikiwa kwa kukwangua, alitumia kifaa gani kisichoacha mikwaruzo? Tafadhali, asitokee wa kushauri siki pamoja na dawa ya klorini: mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu.