Corolla 110 manyuo (gia za mkono) inagonga na usukani unacheza: nifungue injini, ninunue mtumba au nianze na steringi?

tabata_110
Wakuu habari. Nina Corolla 110 manyuo, injini 5A. Ikiwa sailensi (imewaka, sijakanyaga mafuta) inalia kama sarafu kwenye kopo, halafu usukani unacheza kwanza ndo matairi yaitike, kwenye rafu rodi naskia tak tak mpaka mikononi. Fundi mmoja kasema tufungue injini, mwingine anasema nitafute injini ya mtumba na raki nzima, ile inayosukuma matairi ukizungusha usukani. Hela haitoshi vyote, mngeanza na kipi?

gia_ya_tano
Cheni ya taimingi hiyo mkuu, badilisha pamoja na tenshena yake kelele inaisha

fundi_mstaafu
5A haina cheni ya taimingi kijana wangu, ina mkanda. Cheni utaikuta kwenye hizi injini za NZ.
Mwenye gari, usifungue hata nati moja kwanza. Pima oili, ikiwa chini ya alama tapeti za valvu zinaweza kupiga kelele. Halafu washa, gia huru, handbreki juu, kanyaga klachi taratibu huku unasikiliza. Kelele ikipotea ukikanyaga, shida iko giaboksi, mara nyingi beringi ya shafti inayoingia toka injini. Ikianza ukikanyaga, rilizi beringi hiyo, ile inayosukuma klachi. Isipobadilika ndo urudi kwenye injini, na kugonga kuzito kwa chini kunakozidi ukikanyaga mafuta ni beringi za konrodi (fimbo za pistoni), hapo zima gari uite fundi.

mama_noah
Na lile bati la kuzuia joto kwenye ekzosi msilisahau jamani! Langu lililegea, fundi akataka kushusha injini, kumbe klempu tu.

dereva_wa_zamu
Raki ya mtumba mi siungi mkono, hujui imetembea kiasi gani na unaweza ukafunga mlegezo uleule. Piga jeki mbele weka na stendi, shika tairi kushoto na kulia utikise, likicheza ni tairodi (kiungo cha usukani kwenye tairi) au raki endi (kiungo cha upande wa raki). Shika juu na chini, likicheza hapo ni boljointi (kiungo cha mguu wa tairi) au beringi ya tairi. Raki endi imejificha ndani ya buti la mpira, iminye kwa mkono mwenzio akitikisa tairi, utasikia inagonga kwenye vidole.

fundi_mstaafu
Sawa, ila raki ikiwa inavuja au imekula bushi, kubadilisha endi peke yake ni kupoteza hela. Na asije mtu akakaza ile skrubu ya raki kuondoa mlegezo, usukani utakuwa mzito na ukikata kona haurudi wenyewe.

tabata_110
Shikamoo mzee, nimejaribu. Oili iko sawa, nikikanyaga klachi kelele inapotea kabisa. Tairi la kushoto linacheza kulia na kushoto, juu na chini limetulia, raki kavu.

mama_noah
Injini umeiokoa basi. Ukishusha giaboksi weka na klachi pleti mpya humohumo, maana leba (hela ya fundi) ya kushusha utalipa mara moja

dereva_wa_zamu
Steringi kwanza mkuu, hiyo giaboksi unaweza ukaivumilia kidogo ila uangalie oili yake. Tairodi likichomoka kwenye spidi hamna cha kuvumilia. Funga mpya, siku hiyohiyo peleka alaimenti matairi yanyooshwe, la sivyo matairi yataliwa upande.

tabata_110
Poa, kesho naenda Gerezani kwenye maduka ya spea. Tairodi ninunue moja au zote mbili?

fundi_mstaafu
Zote mbili.