Naomba ushauri: roboti inachomoka ghafla nikisukuma joistiki

Habari zenu wakuu. Naunda roboti ya magurudumu mawili kwa Arduino Uno (bodi ndogo ya kudhibiti) na L298N (saketi ya kuendesha mota), naiongoza kwa joistiki. Nikiiachia, haisomi 512 kamili, yaani katikati ya 0 na 1023. Inachezacheza kati ya 498 na 519, na roboti inajaribu kutambaa yenyewe. Nikaweka eneo la kupuuza: chochote kilicho ndani ya 60 kutoka katikati kihesabiwe 0. Hilo limetulia, lakini nikivuka mpaka huo PWM (kiwango cha nguvu kinachotumwa kwa mota, 0 hadi 255) inaruka kutoka 0 hadi 30 papo hapo. Mota zinavuma tu bila kuzunguka, kisha ikifika kama 80 roboti inachomoka. Juzi nusura ianguke mezani. Kukata kona taratibu ndiko kunakonishinda zaidi.

Nimejaribu wastani wa vipimo 10, kimoja kila milisekunde 20. Mwendo umelainika, ila nikiachia joistiki roboti inachelewa kusimama, na hilo silitaki kabisa.

Naombeni msaada: nipangeje hesabu ili ukingo wa eneo hilo uanzie 80 na mwisho wa joistiki ufike 255? Na nikitaka kutumia kipeo cha tatu ili mwanzo uwe mpole, nikiweke kabla ya hesabu hiyo au baada?