Naomba ushauri: nililelewa na alama ya 6.0, sasa nashindana kwa mfumo wa pointi

UkingoWaNje (mleta mada):

Habari za wakati huu, wanajamvi. Naomba ushauri wa wale wanaoufahamu kwa undani mchezo wa kuteleza kisanaa kwenye barafu, hasa walioshindana au kuamua katika mifumo yote miwili ya alama. Mimi ni wa kizazi cha 6.0, yaani mfumo wa zamani ambao alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0. Nilianza utotoni kwa kuchora maumbo ya lazima, michoro ya barafuni iliyofuatwa kwa ukingo wa chuma cha kiatu, yale yaliyoondolewa katika mashindano ya kimataifa mwaka 1990, nikashindana ujanani, kisha kazi na malezi vikaniondoa barafuni kwa muda mrefu. Sasa nimerejea katika kundi la watu wazima, ambako kila kitu huhesabiwa kwa mfumo wa pointi ambao shirikisho la kimataifa, ISU, liliupitisha mwaka 2004 baada ya kashfa ya uamuzi ya Olimpiki ya Salt Lake City ya mwaka 2002.

Kinachonisumbua ni karatasi ya alama. Zamani kila mwamuzi alinipa alama mbili tu, ya ufundi na ya uwasilishaji, na kilichoamua matokeo ni nafasi aliyokuweka ukilinganishwa na wenzako. Sasa ninapewa karatasi yenye mstari kwa kila nilichokifanya. Mizunguko yangu ya mahali pamoja, niliyokuwa nikisifiwa kwayo, imepewa daraja la kwanza (la juu kabisa ni la nne). Mruko wa Lutz wa duru mbili umewekewa alama ya "e", ya kosa la ukingo. Mruko wa Axel wa duru mbili umeshushwa thamani. Mfuatano wa hatua, ambao kwangu ndio moyo wa programu, umeishia daraja la pili. Wakati huohuo, alama yangu ya ustadi wa kuteleza imewazidi wote katika kundi.

Mwalimu wangu wa sasa anataka tuivunje programu yote na kuijenga upya kwa kufuata madaraja. Ninamheshimu, lakini ninaogopa kuupoteza ule mtelezo mrefu wa ukingo mmoja unaouacha muziki upumue. Mwili wangu haumudu tena kufanyia mazoezi kila kitu kwa pamoja, kwa hiyo ninachoomba hasa ni vipaumbele: nianzie wapi, na ni nini nisikiguse?

MezaYaUfundi:

Ndugu mleta mada, karibu tena barafuni. Nimekaa katika jopo la ufundi kwa misimu kadhaa, kwa hiyo nitazungumzia upande huo.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba sasa kuna kazi mbili zinazofanywa na watu tofauti. Jopo la ufundi hutambua umefanya nini, umefikia daraja gani, na kama mruko umekamilika, na linaweza kurudia video kabla ya kuthibitisha. Waamuzi kwa upande wao hutoa alama ya ubora kwa kila kipengele, kuanzia -5 hadi +5, pamoja na alama za muundo, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza. Mzunguko wako unaweza kuwa mzuri machoni pa waamuzi wote na bado ukabaki daraja la kwanza, kwa sababu sisi hatuulizwi kama ulipendeza. Tunaulizwa kama masharti yametimia.

Kwenye mizunguko ndiko ningeanzia, kwa kuwa ndiko kwenye pointi nyingi zinazopatikana bila kuuumiza mwili. Mzunguko wa muunganiko (unaounganisha mikao kadhaa) wenye kubadili mguu una thamani ya 2.00 katika daraja la kwanza na 3.50 katika daraja la nne. Tofauti hiyo ya 1.50 inazidi thamani nzima ya mruko wa Salchow wa duru mbili, ambayo ni 1.30, na huhitaji kuruka popote.

Wengi waliolelewa na 6.0 hupoteza alama katika mambo mawili madogo. La kwanza ni mkao wa kuchuchumaa: paja la mguu ulioko barafuni lazima liwe angalau sambamba na barafu, na kuinamisha kifua hakusaidii kitu ikiwa nyonga imebaki juu. La pili ni kuhama mkao mapema mno. Mkao wa msingi hauhesabiki mpaka ushikiliwe kwa duru mbili mfululizo, na kizazi chetu kilizoea kupita katika mikao kwa haraka ili mzunguko uonekane wa kasi.

Baada ya hapo, tafuta sifa za kupandisha daraja zinazoendana na umri wako. Duru nane bila kubadilisha chochote katika mkao mmoja ni sifa inayokubalika, na mtu mwenye kitovu kizuri cha mzunguko kama wewe anaweza kuipata bila kunyumbuka kupita kiasi. Kubadili ukingo ndani ya mzunguko ni sifa nyingine, na kuingia kwa njia ngumu pia. Huna haja ya kuvuta mguu juu ya kichwa. Angalia tu usirudie sifa ileile katika kila mzunguko, kwa sababu nyingi huhesabiwa mara moja katika programu nzima.

Mkufunzi_Mstaafu:

Naunga mkono hoja ya mizunguko, na niongeze kuhusu miruko, kwa sababu naona mleta mada bado anapanga miruko kwa mantiki ya zamani.

Katika 6.0, kujaribu Axel ya duru mbili kulikuwa na heshima yake, hata ukitua vibaya kidogo. Sasa tufanye hesabu. Thamani yake ni 3.30. Ukipungukiwa na nusu duru au zaidi, itahesabiwa kama Axel ya duru moja, yaani 1.10, na bado waamuzi watapunguza alama ya ubora. Ukikamilisha duru zote lakini ukaanguka, unapata -5, na kila ngazi ya ubora ni asilimia 10 ya thamani, kwa hiyo inabaki 1.65. Kisha, kwa kanuni za mashindano makuu, unakatwa pointi 1 kwa kuanguka, na mkononi mwako inabaki 0.65. (Baadhi ya makundi ya watu wazima yana kanuni zake kuhusu anguko, hivyo soma tangazo la mashindano yako.) Mruko wa Flip wa duru mbili, safi, wenye +2, unakupa 2.16. Ningeiondoa Axel hiyo kwenye programu, ikabaki kwenye mazoezi mpaka itue kamili mara nyingi zaidi kuliko inavyoshindwa.

Kuhusu ile "e", maana yake ni kwamba uliruka Lutz kutoka ukingo wa ndani badala ya ukingo wa nje. Zamani mwamuzi alitegemea jicho lake, na wengi walipita hivyo. Sasa thamani inashuka hadi asilimia 80, yaani kutoka 2.10 hadi 1.68, na ubora unashuka pia. Flip safi yenye thamani ya 1.80 inaizidi Lutz hiyo hata kabla waamuzi hawajaigusa. Kurekebisha ukingo wa Lutz uliozoeleka tangu ujana ni kazi ya muda mrefu, na sioni sababu ya kuifanya msimu huu.

Usihangaike sana na nyongeza ya asilimia 10 inayotolewa kwa miruko mitatu ya mwisho ya programu ndefu, ikiwa kundi lako linayo. Kwa Lutz ya duru mbili nyongeza hiyo ni 0.21, sawasawa na ngazi moja ya ubora. Uchovu ukikushusha ngazi mbili, umekwisha kupata hasara.

SautiYaMuziki:

Mimi nitatofautiana kidogo na ndugu waliotangulia, si kwa hesabu zao, ambazo ni sahihi, bali kwa mwelekeo. Tumeona wakongwe wakihangaika kuingia katika mfumo huu. Michelle Kwan, bingwa wa dunia mara tano, alishindana chini yake katika Mashindano ya Dunia ya Moscow mwaka 2005 na kumaliza wa nne. Hakuwa amesahau kuteleza. Ninachomwomba mleta mada ni asikubali kila sekunde ijazwe kitu cha kuhesabiwa, kwani programu ya namna hiyo humchosha hata mtazamaji.

MezaYaUfundi:

Hoja yako naipokea, ila tusiwape wakongwe picha ya upande mmoja. Deanna Stellato-Dudek alipata medali ya fedha ya dunia ya vijana mwaka 2000, enzi za 6.0, akaacha mchezo, akarejea mwaka 2016 katika uchezaji wa wawili wawili, na mwaka 2024 akawa bingwa wa dunia pamoja na Maxime Deschamps akiwa na miaka 40. Tena mfumo huu hauwalipi warukaji peke yao. Kwenye Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010 Evgeni Plushenko aliruka mruko wa duru nne na kupata fedha, huku Evan Lysacek akitwaa dhahabu bila mruko huo. Jason Brown alimaliza wa sita kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2022 bila duru nne hata moja, kwa nguvu ya ubora wa utekelezaji na ya zile alama ambazo mleta mada tayari anazipata.

UkingoWaNje (mleta mada):

Nawashukuru nyote. Nimekubali kuiondoa Axel na kuiweka Flip mahali pa Lutz. Mizunguko nitaanza nayo wiki hii, nikianzia na mkao wa kuchuchumaa. Limebaki moja: je, mfuatano wa hatua niuache kama ulivyo ili kuilinda ile mitelezo mirefu?

Mkufunzi_Mstaafu:

Hapana, huo uguse, kwa sababu una hazina ambayo vijana wengi hawana. Daraja la mfuatano hutegemea zamu ngumu za ukingoni, yaani migeuko ya braketi, roka, kaunta, lupu na twizeli, na aliyechora maumbo ya lazima alizichora nyingi kati ya hizo asubuhi baada ya asubuhi. Tazama video yako uhesabu zamu hizo kwa kila mguu na kwa kila upande. Nadhani utakuta zipo, ila nyingi zinageukia upande mmoja, ilhali kuzunguka pande zote mbili, kila upande kwa angalau theluthi moja ya mfuatano, ni mojawapo ya masharti. Sharti jingine ni matumizi ya kiwiliwili, mikono na kichwa kwa angalau theluthi ya mfuatano, nalo linakwenda na muziki bila kulazimisha. Kutoka daraja la pili hadi la tatu ni 2.60 hadi 3.30.

Mitelezo mirefu ihamishie kwenye mfuatano wa kisanii, kama kundi lako linauruhusu. Huo hauna madaraja kabisa. Thamani yake ni 3.00 tu, na kilichobaki huamuliwa na ubora. Unahitaji angalau miondoko miwili tofauti, na kuteleza kwa mguu mmoja huku mwingine ukiwa umeinuliwa nyuma kunahesabika, sawa na Ina Bauer, mtelezo wa miguu miwili iliyotanuliwa, mmoja mbele na mwingine nyuma. Kama kundi lako halina kipengele hicho, iweke kati ya mzunguko wa pili na mruko wa mwisho. Hapo itakupa nafasi ya kuvuta pumzi, na waamuzi bado wataihesabu kwenye ustadi wa kuteleza. Mwonyeshe mwalimu wako mpangilio huu kabla hamjavunja chochote.